Kahawa ni ile ile, mbona sasa moyo unanienda mbio?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni dereva wa lori, umri miaka 38, napiga njia ya Dar hadi Tunduma mwaka wa 9 sasa. Usiku natembea na kahawa na enaji. Kahawa naipiga nikiondoka saa 12 jioni, chupa ya enaji ya nusu lita saa 4 usiku, nyingine saa 7 pamoja na vidonge 2 vya maumivu maana kichwa huwa kinagonga, ya mwisho saa 10 alfajiri. Miaka yote sikuona tatizo. Lakini miezi 3 hii moyo unanienda mbio, mikono inatetemeka, na nikifika, nikijitupa kitandani saa 4 asubuhi, nagaagaa tu mpaka mchana. Siku nisipokunywa kabisa kichwa kinataka kupasuka. Nilichobadilisha ni kimoja tu, sigara: niliziacha miezi hiyo hiyo 3 iliyopita. Je, moyo wangu umechoka? Wenzangu wananiambia nihamie mirungi. Na mke wangu ana mimba ya miezi 6, naye ni mtu wa kahawa na chai ya rangi. Kuna neno?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Hongera sana kwa kuacha sigara, na nakuomba usizirudie kwa lolote utakalolisoma hapa chini, maana jibu la swali lako linaanzia hapo hapo kwenye sigara.

Kafeini, ile dawa iliyomo kwenye kahawa, chai na enaji, huvunjwavunjwa na ini. Ini lina kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo, na moshi wa sigara hukichochea kifanye kazi kwa kasi kuliko kawaida. Si nikotini inayofanya hivyo, ni kemikali nyingine zilizomo kwenye moshi wenyewe. Kwa mtu mzima asiyevuta, nusu ya kafeini aliyokunywa huondoka mwilini kwa takriban saa 5. Kwa mvutaji, nusu hiyo hiyo inaweza kuondoka kwa saa 3 hivi. Ulipoacha sigara, ini lako lilirudi kwenye mwendo wa kawaida ndani ya siku chache, ila wewe uliendelea kunywa kipimo cha mvutaji.

Hebu tuhesabu. Nitachukulia kahawa yako ya jioni ina kafeini miligramu 100, na enaji yako ni ile ya miligramu 32 kwa kila mililita 100, kipimo cha makopo mengi (soma kibandiko cha chupa yako, kimeandikwa kwa herufi ndogo pembeni). Chupa ya nusu lita inakuwa na miligramu 160, na wewe unakunywa 3. Vile vidonge vya maumivu, kama ni vile vilivyoandikwa paracetamol miligramu 500 na kafeini miligramu 65, viwili vinakuongezea 130 bila wewe kujua kwamba umekunywa kahawa nyingine. Jumla ni miligramu 710 kwa usiku mmoja. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilipitia suala hili mwaka 2015 ikasema mtu mzima mwenye afya anaweza kutumia hadi miligramu 400 kwa siku, na hadi 200 kwa mara moja, bila wasiwasi. Wewe pale saa 7 usiku, chupa na vidonge kwa pamoja, unameza 290 kwa mkupuo.

Sasa njoo kwenye saa 4 asubuhi, unapopanda kitandani. Zamani, ulipokuwa unavuta, ungebaki na kiasi cha miligramu 90 mwilini. Leo unabaki na karibu 190. Yaani unalala, au unajaribu kulala, ukiwa na zaidi ya chupa nzima ya enaji damuni, na asubuhi hiyo hukunywa hata tone. Kwa hiyo sidhani kama moyo wako umechoka. Dozi ndiyo imeongezeka mara 2 bila wewe kuongeza kikombe.

Hata hivyo siwezi kuukagua moyo wako kwa maandishi. Nenda kituo cha afya upimwe presha na mapigo, tena kabla ya safari ijayo. Ukipata maumivu ya kifua, ukizimia au kukaribia kuzimia, au mapigo yakaenda ovyo yasitulie hata ukikaa, hapo ni hospitali moja kwa moja, lori liache lilipo.

Nikueleze inavyofanya kazi, maana madereva wengi wanaamini enaji inaongeza nguvu. Tangu unapoamka, ubongo unapotumia nguvu hubakiza kitu kiitwacho adenosini. Kadiri saa zinavyosonga ndivyo inavyorundikana, na ikishika vipokezi vyake kwenye ubongo (tuviite viti vyake) hupunguza kasi ya kila kitu: kope zinakuwa nzito, shingo inalegea, unaanza kusoma bango moja mara 2. Usingizi ndio unaoiondoa. Umbo la kafeini linafanana na adenosini kiasi cha kuingia kwenye vipokezi vile vile na kuvikalia, lakini ikishakaa haifanyi ile kazi ya kutuliza. Adenosini imefungiwa nje, na huko nje inazidi kuongezeka. Wewe ni dereva, utanielewa nikisema ni kama kukata waya wa taa ya mafuta kwenye dashibodi. Taa haiwaki tena, lakini kwenye tangi hakujaongezeka hata lita moja.

Moyoni ni hivyo hivyo. Adenosini huutuliza moyo. Ikizuiwa, na adrenalini ikipanda kwa sababu hiyo hiyo, moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, jasho jembamba linatoka, tumbo linachafuka. Kwa mtu aliyezoea kiasi cha wastani mambo haya hayaonekani, na kahawa ya wastani haijathibitika kuwa adui wa moyo wenye afya. Kwenye dozi kubwa hali ni nyingine. Miligramu 1,200 zikiingia kwa haraka zinaweza kumtia mtu degedege. Ndiyo maana huwa nakasirika nikisikia watu wanaagiza kafeini ya unga mtupu mtandaoni: kijiko kimoja cha chai cha unga ule kina kafeini ya vikombe zaidi ya 25 vya kahawa, na kuna watu wamekufa kwa kukosea kipimo.

Kafeini huanza kupanda ndani ya robo saa hadi nusu saa baada ya kunywa, na kwa wengi ndani ya saa moja yote imeshaingia damuni. Ikianza kushuka, ile adenosini iliyorundikana inaingia kwa pamoja. Ndiyo sababu usingizi wa alfajiri unakuja kwa kishindo. Saa ya mwili wenyewe nayo inavuta huko huko: kati ya saa 8 usiku na saa 11 alfajiri mwili wa binadamu unataka kulala hata kama ulilala mchana kutwa. Kwa ratiba yako, ukiondoka Dar saa 12 jioni, saa hizo zinakukuta baada ya Ruaha Mbuyuni, unapandisha Kitonga, kisha baridi ya Iringa, Mafinga mpaka Makambako. Kope zikishuka sekunde 3 tu, kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, lori limetembea mita 66 bila dereva. Kafeini inapunguza kusinzia huko, haikuzuii. Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo anaendesha kama mtu aliyekwisha kunywa pombe, hata kama yeye mwenyewe anajiona mzima.

Duka langu la dawa liko Morogoro, hatua chache kutoka barabara kuu, na tunafungua usiku kucha. Usiku mmoja aliingia dereva, lori likiwa linanguruma nje, akaniomba "dawa ya kukata usingizi". Alipotoa hela mfukoni mkono ulimtetemeka mpaka sarafu zikamwagika chini ya kaunta, akainama kuziokota, akashindwa kuinuka mara moja, akabaki amechuchumaa ameshika ukingo wa kaunta. Nikamuuliza amekunywa nini. Akahesabu kwa vidole: enaji 4 tangu jioni, kahawa hakuhesabu. Nikamuuliza amekula nini. Hajala. Sikumuuzia kitu. Nilimwambia tingo wake azime gari, tukamkalisha kwenye benchi la wagonjwa, akapewa maji na kikombe cha uji, kisha akalala ameegemea ukuta na mdomo wazi. Alipoamka baada ya nusu saa mikono ilikuwa bado inatetemeka kidogo, lakini macho yalikuwa ya mtu mwingine.

Hicho ndicho ninachotaka ukichukue kwangu: dawa ya kukata usingizi iliyo halali ni usingizi wenyewe, na kafeini inaweza kuusaidia ukiitumia kwa akili. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, walilijaribu jambo hili miaka ya 1990. Waliwachukua madereva wenye usingizi wakawaweka kwenye usukani wa kuigiza safari. Waliokunywa kahawa kisha wakajilaza kwa muda usiozidi robo saa ndio waliokosea kidogo kuliko waliofanya kimoja tu kati ya hivyo viwili. Sababu yake ni ule muda niliokutajia: ukinywa kahawa ukajilaza hapo hapo, usingizi mfupi unaondoa sehemu ya adenosini, na unapoamka kafeini ndiyo kwanza inafika kukuta viti vitupu.

Kwa hiyo panga hivi. Kahawa ya saa 12 jioni iache kabisa. Saa hizo huna usingizi bado, unaipoteza bure. Ikifika saa 7 usiku, tafuta maegesho ya maana yenye mwanga na watu, si pembeni ya barabara gizani. Kunywa kikombe kimoja cha kahawa, weka simu ikuamshe baada ya dakika 20, zima injini, laza kiti. Usizidishe nusu saa, kwa sababu ukizama kwenye usingizi mzito ukakatizwa utaamka mzito kuliko ulivyolala, na huo uzito unachukua muda kuondoka. Ukiamka shuka, nawa uso, tembea kuzunguka gari ukigonga matairi, kisha endelea. Kama unahitaji kafeini nyingine, ya mwisho iwe kabla ya saa 9 usiku. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba miligramu 400 za kafeini zilizonywewa saa 6 kabla ya kulala zilipunguza usingizi kwa zaidi ya saa nzima, na wewe unakunywa chupa yako ya saa 10 alfajiri saa 6 kamili kabla ya kitanda. Hiyo ndiyo ya kwanza kuiondoa. Macho yakikataa saa hiyo, simama ulale. Najua kuna tajiri anayepiga simu kuuliza umefika wapi, na najua foleni ya mizani na ya mpakani haimsubiri mtu. Ongea naye mchana, mkiwa wote mmetulia, umwambie utasimama mara ngapi na wapi. Safari ya kilomita zaidi ya 900 ikilazimishwa kwa dereva mmoja usiku kucha, shida iko kwenye ratiba, na hakuna chupa itakayoirekebisha.

Usiache vyote kwa siku moja. Maumivu ya kichwa unayoyapata usipokunywa ni ya kweli. Mishipa ya damu ya kichwani imezoea kubanwa na kafeini. Ikikosekana inatanuka, na kichwa kinagonga. Huanza saa 12 hadi 24 baada ya kikombe cha mwisho, hukaza zaidi siku ya kwanza na ya pili, na kwa kawaida huisha ndani ya siku 9. Unaweza kuyakwepa karibu yote ukipunguza taratibu. Wiki ya kwanza toa chupa ya saa 10 alfajiri, na vile vidonge vyenye kafeini badilisha uchukue paracetamol tupu. Wiki ya pili toa ya saa 4 usiku. Wiki ya tatu ile ya saa 7 iwe kikombe cha kahawa badala ya enaji. Na kuhusu vidonge, kama unavimeza safari zote, uangalifu: dawa za maumivu zenye mchanganyiko wa namna hiyo zikitumika siku 10 au zaidi kila mwezi, zenyewe huanza kuleta maumivu ya kichwa. Mara nyingi kichwa cha saa 7 usiku ni kiu na njaa. Madereva wengi hawanywi maji ili wasisimame kukojoa. Kunywa maji.

Kwa nini nasema kahawa badala ya enaji? Nusu lita ya enaji yenye sukari gramu 11 kwa mililita 100 ina gramu 55, sawa na vijiko vya chai 13 au 14. Chupa 3 ni zaidi ya vijiko 40 vya sukari, kwa mtu aliyekaa kwenye kiti usiku mzima. Sijamwona mtu akitia vijiko 13 kwenye kikombe cha chai akanywa.

Kahawa nayo ina mambo yake. Ile ya buli inayouzwa vijiweni, yenye tangawizi, imechemshwa na unga wake bila kuchujwa kwa karatasi, na mafuta yaliyomo kwenye buni yanabaki ndani ya kikombe. Mafuta hayo hupandisha lehemu (kolesteroli) mbaya kwa mtu anayekunywa vikombe vingi kila siku. Nguvu yake inategemea mkono wa mpishi na aina ya buni: robusta, kama ile ya Kagera, ina kafeini karibu mara 2 ya arabika ya Kilimanjaro. Wahaya wanalijua hili tangu zamani. Wanazichemsha buni, wanazikausha, wanazitafuna chache chache na mgeni akifika anakaribishwa nazo. Ni heshima, na ni kafeini vile vile. Ukipewa Bukoba, zihesabu. Chai ya rangi iko chini zaidi, miligramu 30 hadi 50 kwa kikombe cha kawaida.

Kitu kingine ambacho watu hawaambiwi dirishani: ukiandikiwa siprofloksasini, dawa inayotolewa sana kwa maambukizi ya njia ya mkojo na tumbo, inakizuia kile kimeng'enya cha ini nilichokutajia. Kafeini itakaa mwilini muda mrefu zaidi, na kikombe ulichozoea kitakupiga kama viwili. Kwa siku za dozi hiyo kunywa kidogo sana, au acha. Na enaji usichanganye na pombe hata siku ya mapumziko. Ulevi haupungui, unachofichwa ni uzito wake, kwa hiyo unaongeza glasi ukidhani uko sawa.

Mirungi, hapana. Nakujibu kwa mkazo kwa sababu wenzako wanaizungumzia kama vile ni kahawa ya majani. Kilichomo ndani yake kinaitwa kathinoni, na kwa umbile na kazi ni ndugu wa amfetamini, dawa kali ya kusisimua ubongo. Kafeini inakalia viti tu. Kathinoni inaulazimisha ubongo kumwaga akiba yake ya kemikali za msisimko. Ndiyo maana mtumiaji anaongea sana, hasikii njaa, anajiona anaweza kila kitu, na ikiisha anaanguka kwa hasira, huzuni na usingizi wa ghafla. Huo usingizi hauangalii kama uko kwenye mteremko. Presha na mapigo vinapanda, hasa kwa mtu ambaye tayari moyo unamwenda mbio kama wewe. Kenya zao hilo ni halali, na ndiyo riziki ya familia nyingi za Meru. Kathinoni huharibika jani linapokauka, kwa hiyo magari yake yanakimbizwa sokoni yakiwa na mafungu yaliyoviringishwa kwa majani ya mgomba. Lakini Tanzania ni dawa ya kulevya kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2015, na ukikutwa nayo kwenye lori unakwenda jela, achilia mbali leseni.

Sasa shemeji yangu. Kwa mjamzito ini hupunguza kasi sana, na kufikia miezi ya mwisho nusu ya kafeini inaweza kuchukua saa 15 kuondoka badala ya 5. Inavuka kondo la nyuma hadi kwa mtoto, na ini la mtoto halina uwezo wa kuivunja. Kipimo kinachoshauriwa ni kisichozidi miligramu 200 kwa siku kwa kila kitu alichokunywa, maana kafeini nyingi zaidi ya hapo inahusishwa na watoto kuzaliwa na uzito mdogo. Kwa hiyo kikombe kimoja cha kahawa asubuhi na kimoja cha chai vinamtosha, na enaji asiguse. Muhimu kuliko hapo ni wakati wa kunywa: chai na kahawa huyashika madini ya chuma tumboni yasiingie mwilini, na yeye sasa anahitaji damu ya watu wawili. Asinywe pamoja na chakula wala na vile vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki. Vidonge ameze na maji, na kama kuna chungwa au limao nyumbani ni bora zaidi. Chai aisogeze mbele saa moja au mbili.